Sura ya Saba: Miguu Isiyopumzika Mteremkoni

Barabara inayotoka Nyamira mjini kupitia Kebirigo na Ekerenyo hadi Ikonge haijui kutulia. Inapanda, inashuka, inajikunja kuzunguka shamba la mtu, inapanda tena. Kaunti ya Nyamira iko kati ya mita 1,250 na 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka ni kati ya milimita 1,200 na 2,100. Chai imeipenda hali hiyo, ndiyo maana viwanda vya Kebirigo, Tombe, Gianchore na Sanganyi vikajengwa huku. Baiskeli haikuipenda sana. Kisumu na nyanda za Kano, bodaboda za baiskeli zilibeba abiria kwa miaka mingi kabla ya pikipiki kuzisukuma kando. Huku Gusii, mkungu wa ndizi ulipandishwa kilima baiskeli ikisukumwa, mwenyewe akitembea kando yake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye karia. Akifika juu ndipo alipolipwa jasho lake: anaruka kitini, anaachilia, na baiskeli inashuka yenyewe mpaka mtoni bila pedali kuguswa.

Sura hii inawahusu watu wanaoyakataa malipo hayo kwa hiari yao, tena kwa gharama. Wanachukua baiskeli ya mbio, ile nyepesi ya matairi membamba na gia 22, wanang'oa karibu kila kilichoifanya iwe ghali, na kubakiza sproketi moja mbele na moja nyuma, ile ya nyuma ikiwa imefungwa kabisa kwenye habu. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka. Ukitaka kupunguza mwendo, unazikaza pedali kwa miguu zisiende. Ukishuka mlima, miguu inashuka nao mzunguko kwa mzunguko, upende usipende. Duniani baiskeli hiyo inaitwa fiksi, nasi tutaiita hivyo.

Ili kujua hasa ni nini kinachoondolewa, simama kwa fundi wa baiskeli siku ya soko. Baiskeli ya kawaida ya gia moja, Black Mamba, imepinduliwa, imesimama kwa kiti na usukani, gurudumu la nyuma limetolewa. Tatizo ni la kawaida: mteja anakanyaga, pedali zinazunguka bure, baiskeli haiendi. Fundi haulizi mengi. Anachukua msumari mnene uliokatwa ncha, anauweka kwenye kitobo kimoja kati ya viwili vilivyo usoni mwa friwili, anagonga kwa nyundo kuelekea upande ambao sisi wengine tungedhani ni wa kukaza. Kifuniko hicho kina nyuzi za kushoto. Kinalegea, kinatoka, na ndani yake zinaonekana gololi ndogo za milimita tatu hivi, zimezama kwenye grisi ambayo zamani imeshageuka udongo mwekundu. Chini yake kuna vikucha viwili vya chuma na springi ya waya mwembamba sana inayovisukuma vinyanyuke. Siri yote ya friwili iko hapo. Ukikanyaga, vikucha vinang'ata meno yaliyochongwa ndani ya sproketi na gurudumu linavutwa. Ukiacha kukanyaga, vinalala, meno yanapita juu yake, na ndipo unasikia ule mlio wa tik-tik-tik nyuma yako. Springi ikikatika, au grisi ikiganda, vikucha havinyanyuki tena. Fundi anaviosha kwa mafuta ya taa, anadondosha oili, anapanga gololi moja moja kwa ncha ya kidole chenye grisi ili zisimtoroke, anarudisha kifuniko kwa kugonga upande wa pili. Kazi imekwisha, mteja anapanda.

Mtu akikwama mbali na fundi, vikucha vikiwa vimekufa, kuna dawa ya muda ambayo wasafiri wa baiskeli wa mabara yote wanaijua: chukua waya, ifunge sproketi kwenye spoki, izunguke pamoja na gurudumu. Utafika nyumbani. Ila utafika ukikanyaga mpaka mlangoni, hata pale penye mteremko, kwa kuwa umeshatengeneza fiksi bila kukusudia. Wanaonunua kitu hicho hicho kwa bei ya ng'ombe wawili huwa hawapendi kukumbushwa hilo.

Baiskeli za mwanzo karibu zote zilikuwa hivyo. Rover ya John Kemp Starley, iliyotoka Coventry mwaka 1885 na kuipa baiskeli umbo tunalolijua leo, haikuwa na friwili. Walioshuka milima wakati huo walitundika miguu kwenye vijiti viwili vilivyopachikwa kwenye uma wa mbele, wakaziacha pedali zizunguke kwa kasi peke yake chini yao, wakimwomba Mungu barabara isikate kona. Friwili ilipoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1890, wapo waendeshaji walioiona ni ulegevu. Malalamiko ya namna hiyo hayajawahi kwisha katika baiskeli. Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, alikataa kabisa kifaa cha kuhamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Kwake mashindano yalikuwa ya misuli, na mashine isimsaidie mtu. Vifaa hivyo havikuruhusiwa kwa washindani wakuu wa Tour mpaka 1937. Kabla ya hapo mshindani alikuwa na gurudumu la nyuma lenye sproketi pande zote mbili, ndogo upande huu na kubwa upande ule. Akifika chini ya mlima anashuka, analegeza nati, analigeuza gurudumu, anakaza, anapanda. Juu kileleni anarudia kazi hiyo hiyo ili ashuke. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927, katika njia ya mlima ya Croce d'Aune huko Italia, vidole vya Tullio Campagnolo viliganda kwa baridi akashindwa kufungua nati zake, na hapo ndipo alipopata wazo la ile ekseli inayofunguliwa kwa mkono bila spana. Kifaa hicho kipo leo kwenye baiskeli nyingi za mbio zinazouzwa Kenya kama ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza. Anayeigeuza baiskeli yake iwe fiksi mara nyingi hukitoa na kurudi kwenye nati, kwa hiyo historia inarudi ilikotoka.

Mahali ambapo fiksi haikutoka kamwe ni uwanja wa mbio za duara. Huko hakuna kilima, hakuna kona ya ghafla, hakuna mbuzi, hakuna matatu inayosimama bila ishara, na kila mtu anaelekea upande mmoja. Japani wamejenga juu yake biashara nzima ya kamari inayoitwa keirin, iliyoanza Kokura mwaka 1948, na baiskeli zake hazina breki hata moja. Kutoka uwanjani fiksi iliingia mitaani kupitia matarishi wa New York na miji mingine mikubwa ya Marekani, watu waliopeleka barua kutoka ghorofa hadi ghorofa na waliotaka baiskeli isiyo na kitu cha kuharibika wala cha kuibwa. Baadaye, katika miaka ya 2000, wakaja vijana wasiopeleka barua yoyote, na fiksi ikawa mtindo wenye rangi za kuvutia. New York, angalau Manhattan, ni tambarare. Ni jambo la kuliweka akilini.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii. Kadiri baiskeli inavyokuwa ghali ndivyo inavyokataa kuwa fiksi, na ile Black Mamba iliyoegemezwa ukutani Ikonge, ambayo hakuna anayeionea wivu, iko karibu tayari tangu ilipotoka kiwandani.

Sababu ya kwanza iko kwenye midomo ya fremu, pale ekseli ya nyuma inapoingia. Cheni ya fiksi lazima ikazwe barabara. Ikilegea itaruka kwenye meno, na kwenye fiksi cheni iliyoruka inaweza kunasa kati ya gurudumu na fremu na kukusimamisha ghafla ukiwa kasini. Kwenye Black Mamba midomo hiyo imelala: unalegeza nati, unavuta gurudumu nyuma, unakaza, kwisha. Kila mtu aliyewahi kumiliki moja amefanya hivyo. Baiskeli ya mbio ya kisasa midomo yake imesimama wima. Gurudumu linaingia mahali pamoja tu, halisogei mbele wala nyuma hata kidogo. Mhandisi alifanya hivyo kwa sababu nzuri, kwamba gurudumu likae sawasawa kila linaporudishwa, na alijua kwamba kuna kihamisha cheni chenye springi cha kukamata ulegevu wote. Ukikiondoa kihamisha hicho, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinaikaza cheni.

Watu wanauliza: kwa nini basi tusiweke springi nyingine ndogo pale chini? Kwa baiskeli ya gia moja yenye friwili inafaa, maana upande wa chini wa cheni huwa umelegea siku zote. Kazi yote inafanywa na upande wa juu. Kwenye fiksi, mara tu unapozizuia pedali kwa miguu, upande wa chini ndio unaovutwa. Nguvu yote ya mtu mzima inaingia kwenye kile kispringi. Kitapinda au kitang'oka, na kitachagua kufanya hivyo siku unayokihitaji.

Njia zilizobaki ni mbili tatu tu. Ya kwanza ni kutafuta kwa hesabu. Pingili moja ya cheni ni milimita 12.7, na kuongeza au kupunguza jino moja, mbele au nyuma, kunasogeza mahali pa ekseli kwa milimita tatu na kidogo. Ukijaribu jozi mbalimbali za sproketi unaweza kubahatika kuipata inayokaza cheni bila gurudumu kusogea. Unafurahi kwa muda. Kisha cheni inachakaa kama cheni zote, inarefuka kidogo, na ule ukazo unapotea. Njia ya pili ni habu maalumu ambayo ekseli yake haikukaa katikati: ukiizungusha, gurudumu linasogea milimita chache mbele au nyuma. White Industries ya California wanaitengeneza. Ni kitu kizuri, nakiri, lakini ni bei ya Black Mamba nzima na zaidi, ukiongeza na ushuru wa kuingiza. Njia ya tatu, ambayo naitaja ili niikataze, ni kumpelekea mchomeleaji fremu ya alumini au kaboni akaipanue midomo kwa faili. Alumini iliyokatwa hapo itapasuka siku moja. Kaboni haichomelewi kabisa.

Sababu ya pili ni habu. Friwili ya Black Mamba imefungwa kwa nyuzi. Itoe, na sproketi ya fiksi yenye nyuzi zile zile za Kiingereza itaingia mahali pake. Habu za baiskeli ghali hazina nyuzi hizo. Vikucha vyake viko ndani ya habu yenyewe, na sproketi zote zinateleza juu ya bomba lenye mifereji. Huwezi kufunga sproketi moja hapo ukaiita fiksi, kwani bomba lote linazunguka bure ukirudisha pedali nyuma. Kwa hiyo lazima gurudumu lingine. Na gurudumu la fiksi la kawaida lina upana wa milimita 120 kati ya midomo, ilhali fremu za mbio za siku hizi ni 130, na zile mpya kabisa zenye breki za diski ni 142 na ekseli nene inayopenya. Nafasi hiyo hujazwa kwa spesa kwenye fremu za zamani. Kwenye zile mpya hakuna cha kujaza. Kubali tu kwamba si kazi yake.

Sababu ya tatu watu huigundua wakiwa kwenye kona. Mwendesha baiskeli wa kawaida akiingia kona huinua pedali ya ndani na kuiacha juu. Wa fiksi hawezi. Pedali zinaendelea, na ya ndani itafika chini wakati baiskeli imelala. Baiskeli za uwanjani zimejengwa krenki zikiwa juu zaidi kutoka ardhini, na mikono yake ni mifupi, mara nyingi milimita 165. Baiskeli ya barabarani iko chini zaidi, na mikono yake ni 170 au 172.5. Pedali ikigusa lami ukiwa umelala kwenye kona ya kushuka, gurudumu la nyuma linanyanyuka. Kona za kushuka hapa kwetu ni nyingi kuliko zilizonyooka.

Tupige hesabu ya Ikonge yenyewe. Gurudumu la kawaida la mbio lenye tairi la milimita 25 linasafiri kama mita 2.1 kwa kila mzunguko. Fiksi ya mjini mara nyingi hufungwa meno 46 mbele na 17 nyuma, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali ni mita 5.7 hivi. Ukipanda kilima kikali kwa kilomita 8 kwa saa, pedali zinazunguka mara 23 au 24 kwa dakika. Hiyo ni kama kupanda ngazi ukiwa umebeba gunia, goti moja baada ya jingine. Baiskeli ile ile ikiwa na gia zake, meno 34 mbele na 28 nyuma, ingekupa mizunguko 52 kwa mwendo huo huo, na ungefika juu ukiwa bado na pumzi ya kusalimia watu. Sasa geuka ushuke. Kwa kilomita 40 kwa saa, ambayo kwa anayeshuka hapa si kasi ya kujisifia, fiksi inakudai mizunguko 117 kwa dakika. Kwa kilomita 60 ni 176. Waendeshaji wengi wa barabarani hukanyaga kati ya 80 na 100.

Utasema, basi tupunguze gia. Weka 42 mbele na 19 nyuma. Kupanda kwa kilomita 8 kwa saa kunakuwa mizunguko 29, nafuu ndogo sana, na kushuka kwa 40 kunakuwa 144. Umelipa kotekote. Huku kwetu hakuna namba ya katikati inayoridhisha, kwa sababu barabara yenyewe haina katikati.

Kuna pia suala la misuli ambalo namba hazilionyeshi. Unapoizuia fiksi isikimbie mteremkoni, misuli ya mapaja inavutwa irefuke huku inajikaza. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi za misuli kuliko kupanda, na ndiyo inayomfanya mtu aliyeshuka mlima mrefu kwa miguu ashindwe kukaa chini vizuri kesho yake na keshokutwa. Wanariadha wa nchi hii wanalijua vizuri. Mteremko ndio unaovunja mapaja kwenye mbio za nyika.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Njia ya wanaume ilikuwa kilomita 267 hivi, na jumla ya kupanda ilizidi mita 5,000. Miguu bora kuliko yote duniani ilikuwa pale, na hakuna aliyefika na gia moja. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kukuzwa kibaiskeli na David Kinjah kule Kikuyu kabla hajashinda Tour de France mara nne, alijulikana kwa kukanyaga gia nyepesi kwa kasi kubwa milimani. Mtu akikuambia kwamba gia ni za wavivu, mwonyeshe hao.

Je, basi nasema usifanye? Karibu nasema hivyo. Ikiwa kinachokuchosha ni matope mekundu yanayojaa kwenye vihamisha cheni kila mvua ikinyesha kwenye barabara ya murami, malalamiko yako ni ya haki, na dawa yake ni gia moja yenye friwili. Hiyo inauzwa tayari, ina karia, na fundi wa soko lolote anaijua kwa macho yaliyofumbwa. Lakini kuna watu wawili ambao siwezi kuwanyima. Mmoja ni yule anayeshuka kufanya kazi nyanda za Kano, ambako kutoka Ahero hadi Kisumu unaweza kukanyaga muda mrefu bila kukutana na kilima cha maana, na anayetaka baiskeli nyepesi isiyomsumbua kwa matengenezo. Wa pili ni mwanamichezo anayetaka kuifundisha miguu ikanyage mviringo bila kusita. Klabu za Uingereza zimetumia fiksi kwa mazoezi ya majira ya baridi kwa vizazi, na hazikuwa zinatafuta sifa.

Kwa watu hao wawili, ushauri wangu ni huu. Kwanza, usiiguse baiskeli yako mpya. Tafuta kwenye rundo la ex-UK fremu ya chuma ya miaka ya 1980, ambayo midomo yake bado imelala na mirija yake ni myembamba ya kupendeza. Zamani hiyo ilikuwa baiskeli ghali. Leo inauzwa kwa bei ya chini kwa sababu tu haina gia nyingi na rangi imechubuka. Nyingi kati ya hizo zina upana wa 126 nyuma na hupokea gurudumu la fiksi kwa spesa chache. Nunua gurudumu la nyuma lenye habu ya kweli ya fiksi, yaani yenye ngazi mbili za nyuzi: kubwa za kulia za kufungia sproketi, na ndogo za kushoto za kufungia ringi juu yake. Ringi hiyo ndiyo roho yako. Unapozizuia pedali, sproketi inataka kujifungua. Ikijaribu, inaikaza ringi badala ya kuilegeza, kwa sababu nyuzi zake zinakwenda upande wa pili.

Wapo wanaofunga sproketi kwenye habu ya zamani ya friwili bila ringi yoyote, au kwa ringi ya krenki iliyoazimwa, ambayo nyuzi zake ni za kulia kama za sproketi yenyewe. Kwa Kiingereza cha mafundi habu hiyo ina jina la kujiua, na jina linatosha. Kwenye Black Mamba hilo ndilo jambo pekee linaloikwamisha: inakubali sproketi haraka, lakini haina pa kufungia ringi ya kweli. Ukiijaribu hivyo, breki zake za vyuma za mbele na nyuma zibaki na zifanye kazi, na miguu isitumike kuzuia.

Breki ya mbele haiondolewi kwenye fiksi ya barabarani. Sijali picha zinazoonyesha nini. Mwaka 2016 London, kijana mmoja aliyekuwa kwenye fiksi ya uwanjani isiyo na breki ya mbele aligongana na mwanamke aliyekuwa akivuka barabara, na mwanamke huyo akafariki. Mwaka uliofuata mahakama ilimfunga kijana miezi 18 kwa sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa enzi za magari ya farasi. Barabara zetu zina watoto wa shule wanaotembea pembeni asubuhi na jioni, na ng'ombe ambao hawajasoma sheria yoyote.

Chagua sproketi kwa akili kidogo ya hesabu. Anayetaka kuteleza tairi la nyuma ili kusimama, afunge 46 kwa 17 na aepuke 48 kwa 16. Kwa kuwa 48 inagawanyika kwa 16 bila baki, miguu ikisimama katika mkao ule ule sehemu moja ya tairi ndiyo inayosagwa kila mara, na tairi linatoboka pale kabla ya mwezi kwisha huku kwingine likiwa jipya. Kwa 46 na 17, ambazo hazina kigawo cha pamoja, sehemu za kusagwa ni 17 na tairi linaisha sawasawa. Isitoshe, mtu mwenye breki ya mbele na akili timamu hatelezi sana.

Mambo mengine ni ya haraka. Panga sproketi ya mbele na ya nyuma zilingane mstari mmoja. Ukitazama kwa nyuma, cheni isipinde. Tumia cheni mpya. Kata mikia ya kamba za viatu au ifiche ndani, na usivae suruali pana upande wa cheni: kwenye baiskeli ya kawaida nguo ikinasa unaacha kukanyaga, lakini kwenye fiksi gurudumu linaendelea kuivuta nguo pamoja na mguu uliomo. Usisafishe cheni huku unazungusha gurudumu kwa mkono. Vidole vya watu vimekatwa hivyo, gereji ikiwa kimya na baiskeli imepinduliwa salama kabisa, kwa sababu sproketi haijui kusimama.

Na siku ya kwanza beba spana na kifungulio cha ringi. Sproketi mpya, hata ukiikaza kwa nguvu zako zote nyumbani, hujikaza zaidi ukianza kupanda kilima cha kwanza, kwa kuwa uzito wako wote unaisukuma kuelekea ndani. Ikishasogea, inaacha nafasi ndogo kati yake na ringi, na ringi inabaki imelegea bila wewe kuhisi chochote. Simama juu ya kilima kabla hujaanza kushuka, uikaze tena kwa kuizungusha kushoto, kinyume cha mkono ulivyozoea. Ukitokea Ikonge, kilima hicho cha kwanza hakitakuwa mbali.